Kamba ya Rimu

Jumamosi ya Juni, ukungu umekalia Loleza
kama blanketi ambalo hakuna aliyejali kulikunja.
Nimeshuka Mwanjelwa na elfu kumi na nne mfukoni
na mguu wangu wa kushoto, ule wa Kitonga,
unaoijua baridi kabla yangu.

Mama Sekela ametandaza gunia lake la vyuma:
plaizi za mitumba, bisibisi zilizopoteza mipini,
funguo za magari yaliyokwisha kufa.
"Leo unafunga nini?"
Kamba ya kengele, namwambia. Ya shule, kule Itezi.
Anacheka hadi khanga inamvuka bega.
Kengele yenyewe ni rimu ya lori
imening'inia kwenye mkaratusi,
na nondo ya kuigongea hupotea kila muhula.
Basi nondo nayo ipate kamba, nasema,
na kamba ipate urembo. Kwani kuna ubaya?

Miaka kumi na mmoja nilikuwa utingo.
Mbao za Mafinga, viazi vya Njombe, turubai juu yake.
Fundo langu halikuulizwa uzuri.
Liliulizwa: utafika Tunduma?
Nilikaza kwa meno, Makambako, saa tisa usiku,
vidole vimekufa ganzi,
na Mwashambwa chini anapiga honi.

Sasa nimekaa.
Aliyekaa hufunga mafundo ya kutazamwa.

Nachukua msharasi. Mkali, wa fundi viatu.
Naujaribu kwenye kipande nilichokuja nacho:
unapita, ndiyo, lakini umekata uzi mmoja njiani,
na uzi uliokatwa hausemi leo,
husema siku mtoto wa zamu amevuta.
Naurudisha.

Plaizi naziangalia meno kama anunuaye ng'ombe,
ila mimi natafuta kibogoyo.
Zenye meno huing'ata kamba, na alama haitoki.
Shazia naipitisha uzi mara tatu:
tundu lenye kingo hula polepole, kama deni.
Mkasi siutazami. Nausikiliza.
Mzuri hufunga kwa neno moja,
mbovu hujieleza.

Elfu tisa imeondoka.
Napekua chini ya gunia, kwenye kutu na misumari,
mkono unagusa kitu kisicho baridi.
Pembe. Ya mbuzi, nadhani, urefu wa kidole cha kati,
ncha butu, ubavu umelainishwa
na kiganja cha mtu nisiyemjua.
"Hiyo ilikuja na vitu vya marehemu mmoja wa reli.
Si chuma hiyo. Chukua tu."

Naisukuma kwenye fundo nililolikaza jana kwa hasira
(jana nilimkumbuka Mwashambwa).
Halikukatika. Halikugoma.
Lilifunguka kama mlango uliobishiwa hodi.

Nikamwachia elfu mbili. Akakataa. Nikaacha.

Barazani nimekoka jiko, nta inalainika kwenye kopo,
ileile ya Rungwe, yenye miguu ya nyuki ndani.
Fundo la kilemba: nyuzi tatu, mapito matano,
pembe inatangulia, kamba inafuata,
plaizi vibogoyo zinavuta kidogo, kidogo tena.
Ukiharakisha pito la pili
la tano litakuaibisha mbele za watu.

Wanasema rimu ile ilitoka Kitonga.
Sijauliza ni ya gari gani.

Tupokigwe karudi kuchota maji, namwita.
"Shika hapa. Kama unagonga."
Anashika. Vidole havikutani,
kiganja cha darasa la pili ni kidogo
kuliko nilivyokikumbuka.

Basi nachukua pembe,
nafungua vilemba vyote vitatu,
naanza upya, vyembamba.